Marathoni kubwa za nje: mwongozo kamili wa kuchagua moja bila kuchoma hela

Kila mwaka naona hadithi ile ile. Mtu kakimbia kilomita 42 za marathoni ya Moshi mara mbili tatu, anajisikia yuko fiti, anakutana na picha ya medali ya London kwenye simu, anajaza fomu, anakosa. Mwaka unaofuata anajaza Berlin, anapata, halafu viza inatoka mbio zimeshapita. Mwaka wa tatu anasusa, anasema hizi mbio zina wenyewe.

Shida ni kwamba wengi tunaanzia mwisho. Tunabishana njia ipi tambarare, wapi watu wanaweka PB (muda wao bora kabisa), wakati hilo ni swali la nne huko. La kwanza ni pasipoti yako inakufikisha wapi na kwa muda gani. Mimi mwenyewe imenikuta, nilipata nafasi kwenye droo (bahati nasibu ya nafasi) ya mbio moja kubwa, nikalipa ada, nikajipongeza, kuja kutafuta tarehe ya usaili ubalozini naambiwa ya karibu ni siku tisa baada ya mbio. Ada haikurudi.

Humu naongelea zile saba za World Marathon Majors, kundi la marathoni kubwa za dunia, yaani Tokyo, Boston, London, Sydney, Berlin, Chicago na New York, plus chache za pembeni ambazo kwa mtu wa huku kwetu zinaweza kuwa na akili zaidi.

## Vitu vya kuweka mezani kwanza

- Pasipoti yenye zaidi ya miezi sita mbele na kurasa tupu
- Muda wako wa 42 wa karibuni, ulio kwenye matokeo rasmi, sio wa kwenye saa yako
- Kalenda ya miezi 18, sio 12
- Stetimenti za benki za miezi sita na barua ya kazi au karatasi za biashara
- Kadi ya benki inayokubali malipo ya nje, na uhakika kwamba haina limiti ndogo
- Barua pepe unayoifungua kila siku
- Karatasi na kalamu, kwa sababu utakuwa unafuta majina

Ile ya barua pepe usiichukulie poa. Kuna watu wameshinda droo ujumbe ukaangukia kwenye spam, tarehe ya kulipa ikapita.

## Hatua ya 1: Futa kwa pasipoti

Andika mbio zote saba, halafu anza kufuta zile ambazo viza yake kwako ni ngumu au haina muda wa kutosha. Tunaanza hapa kwa sababu hapa ndo pesa nyingi zinapotea, na hakuna mazoezi yanayoweza kurekebisha viza.

Marekani ina tatu peke yake, Boston, Chicago na New York. Kwa pasipoti ya Tanzania mambo yalibadilika ghafla, Oktoba 2025 tuliingizwa kwenye utaratibu wa dhamana ya viza ya dola 5,000 mpaka 15,000, na kuanzia Januari 2026 tukawa kwenye orodha ya nchi zenye vizuizi ambavyo vinagusa hadi viza ya matembezi. Burundi ilishawekewa vizuizi tangu Juni 2025. Kenya haikuwekwa kwenye orodha hiyo, ila Mkenya bado ana usaili wa kusubiri, kwa hiyo tafuta tarehe ya usaili KABLA hujalipa ada ya mbio. Haya mambo yanabadilika, soma tovuti ya ubalozi siku ile unayofanya maamuzi, usitegemee nilichoandika mimi wala alichosema mtu kwenye grupu la WhatsApp.

Berlin ni Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na sio chini ya siku 15, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na lazima uwe na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Paris na Valencia ni viza hiyo hiyo. Mtu wa diaspora mwenye kibali cha kuishi nchi yoyote ya Schengen, hii hatua kwake imeshaisha, aruke.

London unaomba kuanzia miezi mitatu kabla ya kusafiri na kawaida majibu ni kama wiki tatu. Miezi mitatu inaonekana mingi ila kumbuka pasipoti inakuwa haiko mkononi muda wote unaosubiri majibu, kama una safari ya Nairobi au Dubai katikati panga vizuri.

Tokyo ina mtego wake. Viza ya kuingia mara moja inakaa miezi mitatu tu tangu itolewe, sasa kuna watu wa kuwahi sana, anaomba Novemba kwa mbio za Machi. Wahi, ila usiwahi kupitiliza.

Sydney maombi ni ya mtandaoni, unapakia karatasi, halafu unaenda kutoa alama za vidole.

Na hapa niingize moja ambayo haimo kwenye saba, Cape Town. Mtanzania na Mkenya wanaingia Afrika Kusini bila viza mpaka siku 90. Ni mbio ambayo imekuwa ikifanyiwa tathmini ili iingie kwenye Majors. Oktoba 2025 ilifutwa asubuhi ile ile ya mbio kwa sababu ya upepo mkali, watu wameshavaa namba, na kuanzia 2026 wameihamishia Mei. Kwa mtu anayetaka mbio ya kwanza ya nje, mimi ningeiweka juu kabisa ya karatasi.

Onyo: usikate tiketi ya ndege isiyorudishwa hela kabla viza haijagongwa. Kwa ombi la viza inatosha kuweka nafasi tu, yaani buking.

Utajua umefaulu kama karatasi ilikuwa na majina saba nane na sasa yamebaki matatu au manne. Kama hujafuta hata moja basi una pasipoti nzuri sana au hujasoma vizuri.

## Hatua ya 2: Hesabu miezi kurudi nyuma

Hii watu wanairuka kabisa na ndo inaua wengi barabarani. Mazoezi ya maana ya 42 ni wiki 16 mpaka 18. Chukua tarehe ya mbio, rudi nyuma wiki 18, ujiulize kipindi hicho nyumbani kwako kuna hali gani.

Tarehe zao zimetulia kila mwaka. Tokyo ni mwanzoni mwa Machi, Boston ni Jumatatu ya tatu ya Aprili (ndio, Jumatatu, ni sikukuu yao), London Jumapili ya mwishoni mwa Aprili, Sydney mwisho wa Agosti, Berlin Septemba mwishoni, Chicago Oktoba kwenye Jumapili ya pili, New York Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Sasa chukulia unaishi Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar. Ukichagua Tokyo, mbio zako ndefu zitakuwa Desemba, Januari na Februari, joto la kaskazi, saa 12 asubuhi shati limeshalowa. Ukichagua Boston au London, nusu ya kwanza ni joto na nusu ya pili ni masika, barabara zimejaa maji na bodaboda hazikuoni. Lakini Sydney na Berlin, hapo mazoezi yanaangukia Juni, Julai na Agosti, kipupwe, asubuhi kuna ubaridi mzuri kabisa. Chicago na New York nazo sio mbaya ila wiki za mwisho joto linakuwa limeanza kurudi. Kwa mtu wa Pwani, Berlin na Sydney zina faida ambayo hutaisoma kwenye makala za Wazungu kwa sababu wao wanafanya mazoezi ya Berlin kwenye joto lao sisi tuko kwenye baridi letu.

Kwa Nairobi, Arusha au Mbeya joto sio ishu sana, mvua za Machi mpaka Mei ndo ishu.

Halafu Ramadhani. Mwaka 2026 Ramadhani ilianza katikati ya Februari mpaka kama tarehe 19 Machi, kwa hiyo Tokyo iliangukia ndani kabisa. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza wiki ya pili ya Februari mpaka karibu tarehe 9 Machi, na Tokyo ikibaki kwenye Jumapili yake ya kwanza ya Machi, bado iko ndani. Mtu wa London na Boston mwezi wa mfungo unakuta katikati ya mazoezi yake, inawezekana kabisa, wapo wanaokimbia baada ya tarawehe, ila panga kwa kujua. Kuanzia 2028 Tokyo inaponyoka, maana mfungo unatarajiwa kuisha mwishoni mwa Februari.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja mbio ndefu zako tatu za mwisho zitakuwa wikiendi gani, na wikiendi hizo hakuna harusi ya dada, mtihani wa CPA, wala mvua ya masika.

## Hatua ya 3: Jua mlango gani unaingilia

Kuna milango minne. Usigonge mmoja tu ukakaa kusubiri.

Droo. Unajaza, unaomba Mungu. London kwa mbio za 2026 watu waliojaza walikuwa 1,133,813. Mwaka 2025 waliomaliza London walikuwa 56,640 na humo wengi waliingia kwa mashirika ya hisani. Piga hesabu mwenyewe. New York na Tokyo nazo ni ngumu. Berlin na Chicago angalau zina huruma kidogo. Madirisha ya droo ni kama hivi: London inafunguka siku za mbio zenyewe Aprili na inafungwa baada ya siku chache tu, Tokyo ni Agosti, Berlin na Chicago ni baada ya mbio zao za mwaka huo, New York ni Februari. Weka alamu kwenye simu, dirisha la London ukilikosa ni mpaka mwakani.

Muda. Boston ndo mlango wake mkuu huu, hakuna droo kabisa. Kwa mbio za 2026 mwanaume wa miaka 18 mpaka 34 alitakiwa masaa 2:55, mwanamke 3:25, na muda unalegezwa kadiri umri unavyopanda, kwa mfano mwanaume wa 45 mpaka 49 ni 3:15. Lakini sikiliza, kufikisha muda sio kupata nafasi. Wanapanga kutoka aliye haraka zaidi mpaka nafasi ziishe. Mwaka 2025 ulitakiwa kuwa chini ya muda wa rika lako kwa dakika 6 na sekunde 51, na 2026, pamoja na kwamba walishakaza muda kwa dakika tano, bado ikahitajika dakika 4 na sekunde 34 za ziada. Yaani kijana mwenye 2:52 alibaki nyumbani. Na muda wako lazima utoke kwenye njia iliyopimwa rasmi, zile marathoni za mtaani ambazo saa za watu watano zinasoma kilomita tofauti hazitakusaidia. Usajili wake ni Septemba.

Hisani. Unachangishia shirika, wao wanakupa namba. London mara nyingi inaanzia kwenye pauni 2,000 na kuendelea, Boston inaweza kupita dola 10,000. Sisi ni mabingwa wa kuchanga harusi, kamati inakaa miezi miwili hela imepatikana, ila mwambie shangazi unachangisha ukakimbie London uone, atakuuliza unakimbia nini mwanangu. Ukichagua mlango huu anza na ofisi yako na wateja wako kabla ya familia. Na soma mkataba, mengi yanasema usipofikisha kiasi, kilichobaki wanakata kwenye kadi yako.

Wakala wa safari. Kila mbio ina orodha ya makampuni yaliyoruhusiwa kuuza nafasi pamoja na hoteli. Ni ghali, ila kwa mtu mwenye hela na asiye na muda wa kubahatisha ndo njia ya uhakika kuliko zote. Jina la kampuni lazima ulione kwenye tovuti ya mbio yenyewe. Lisipokuwepo, kimbia, hayo ndo mazoezi.

Onyo kubwa: usinunue namba ya mtu. Ukikamatwa unakimbia kwa jina lisilo lako unafungiwa, na ukizimia njiani daktari anasoma taarifa za mtu mwingine nyuma ya namba.

Utajua umefaulu ukiwa na mbio mbili za milango tofauti, mfano droo ya Berlin na chaguo la akiba ambalo halina droo ngumu. Akiba ya maana: Valencia mwanzoni mwa Desemba, ambako Mkenya Kelvin Kiptum alikimbia marathoni yake ya kwanza kwa 2:01:53 mwaka 2022 na mwaka huo huo Gabriel Geay wetu akaweka rekodi ya taifa ya 2:03:00. Paris Aprili. Dubai Januari au mwanzoni mwa Februari, hii kwa ndugu zetu wa Muscat na Emirates ni safari ya karibu kabisa. Soma kwenye tovuti ya kila moja usajili wake ukoje, usikisie.

## Hatua ya 4: Sasa ndo usome njia

Haya, tumefika kwenye mnachopenda. Usiangalie tu jumla ya mwinuko, angalia mwinuko uko kilomita ya ngapi. Mlima wa kilomita ya pili na mlima wa kilomita ya 33 ni vitu viwili tofauti kabisa.

Berlin. Tambarare, kona chache kali, wanaume na wanawake wamevunja sana rekodi pale, Kipchoge alikimbia 2:01:09 mwaka 2022 na Tigst Assefa 2:11:53 mwaka 2023. Ukipita chini ya Brandenburg Gate usisimame kupiga selfi ukadhani umemaliza, bado kama mita 400. Vituo vya maji vinajaa vikombe vya plastiki chini, panateleza, chukua maji kwenye meza za mwisho sio za mwanzo.

Chicago. Tambarare pia, Kiptum alipiga 2:00:35 hapo Oktoba 2023. Tatizo lake ni maghorofa, mwanzoni tu GPS inachanganyikiwa, saa inakwambia unakimbia dakika 3 kwa kilomita wakati wewe ni wa 6. Zima mambo ya pesi (mwendo wako wa kila kilomita) ya moja kwa moja, bonyeza kitufe cha lap mwenyewe kwenye kila bango. Mabango mengi kule yako kwa maili, andika muda wako wa kila maili kwenye mkono.

London. Mwanzo ni mteremko mpaka kilomita ya tano hivi na watu ni wengi mno, ndo maana wengi wanaanza kwa kasi bila kujua. Tower Bridge unaifika karibu na nusu ya njia, kelele pale zinakupandisha mzuka, unaongeza mwendo, halafu unaenda kulipia kule Canary Wharf. Kwa kushangiliwa ni London na New York, nyingine zinafuata kwa mbali.

Tokyo. Tambarare, imepangika, watu wanashangilia kwa adabu. Kuna sehemu unaenda na kugeuka kurudi, kwa hiyo unawaona walio mbele yako, wengine inawapa nguvu wengine inawavunja moyo. Soma vizuri masharti ya vinywaji vya kuingia navyo kwenye eneo la kuanzia, ulinzi wao hauna mjomba.

Boston. Hii inadanganya kuliko zote. Ukisoma karatasi unaona inashuka kama mita 140 kutoka Hopkinton mpaka mjini, unasema raha. Ndo maana hata 2:03:02 ya Geoffrey Mutai mwaka 2011 haikuhesabika kama rekodi ya dunia. Ila ule mteremko wa mwanzo unakata mapaja bila wewe kuhisi, halafu kuanzia kama kilomita ya 26 vinakuja vilima vya Newton, vinne, cha mwisho ndo Heartbreak Hill karibu na kilomita ya 33. Mtu anafika pale mapaja yameshakuwa mbao. Ukitaka Boston, fanya mazoezi ya KUSHUKA, tafuta mteremko mrefu, sio kupanda tu. Mtu wa Arusha au Lushoto ana uwanja wa bure wa mazoezi ya Boston na hajui. Hii ndo njia ambayo Juma Ikangaa alikuwa wa pili mara tatu mfululizo, 1988 mpaka 1990, na Watanzania wenzake, Geay 2023 na Alphonce Simbu 2025, wote wakamaliza wa pili. Siku moja tutaichukua.

New York. Madaraja matano. Unaanzia kwenye daraja la Verrazzano, na juu ya daraja hilo ndo sehemu ya juu kuliko zote kwenye njia, yaani mlima mkubwa unaumaliza ukiwa bado una furaha, hapo ndo watu wanaharibu. Kwenye kilomita ya 25 kuna daraja la Queensboro, hakuna mashabiki, kimya, unasikia raba tu na watu wanavyohema. Ukishuka unakutana na First Avenue, kelele kama za Yanga na Simba, unajisahau, unakimbia kama umeanza upya. Usikubali. Bado kuna Fifth Avenue inayopanda polepole na Central Park yenye vilima. Kama unatafuta PB usiende New York, nenda kwa ajili ya sherehe.

Sydney. Unavuka Harbour Bridge unamalizia kwenye Opera House, picha nzuri sana, ila kuna kupanda na kushuka kwingi. Imeingia kwenye Majors mwaka 2025.

Utajua umefaulu kama unaweza kumwambia mtu kilomita gani utakaza na kilomita gani utajizuia, bila kufungua simu.

## Hatua ya 5: Muda wa kufunga barabara

Fupi ila muhimu kwa wale wa masaa matano na kuendelea. Berlin inafunga kwa masaa 6 na dakika 15, sawa na pesi ya kama 8:53 kwa kilomita. Chicago 6:30, kama 9:14. Tokyo 7:00, kama 9:57, ila usiifurahie haraka, Tokyo wana vizuizi njia nzima vyenye saa yake na wanahesabu kuanzia mlio wa kwanza, sio kuanzia wewe ulipovuka mstari. Ukipangwa nyuma kabisa umeshapoteza dakika kadhaa kabla hata hujaanza. Ukichelewa kizuizi kimoja, kamba inavutwa, unapandishwa basi. London na New York ni wapole zaidi kwa watu wa taratibu.

Weka akiba ya nusu saa kati ya muda wako wa kawaida na muda wa kufunga. Mtu wa 6:10 asiende Berlin.

## Hatua ya 6: Hali ya hewa, kwa ukweli

Wanaotoka Pwani wanaogopa baridi. Kiukweli baridi kidogo ni rafiki, nyuzi 8 mpaka 12 miguu inaruka yenyewe. Kinachoumiza ni kusubiri. New York unapelekwa kwa basi au feri gizani, unaweza kukaa nje masaa matatu manne kabla ya kuanza. Nunua sweta na suruali ya mtumba, vaa, ukianza unaviacha, vinakusanywa vinapewa wahitaji. Karume au Gikomba zinafanya kazi nzuri kuliko duka lolote la michezo.

Ambayo haitabiriki ni Boston, 2012 ilikuwa joto la hatari, 2018 mvua na upepo wa barafu. Chicago 2007 mbio zilisimamishwa katikati kwa sababu ya joto. Berlin 2025 nayo ilikuwa na joto watu wakaungua. Hapo mtoto wa Dar ndo anacheka.

## Hatua ya 7: Bajeti

Ada peke yake kwa wageni mara nyingi inaanzia karibu dola 200 na kupanda. Inayouma zaidi ni hoteli, wikiendi ya mbio bei zinaruka, kwa hiyo weka buking inayofutika bure SIKU ILE ILE unayojaza droo, kabla ya majibu. Ukikosa unafuta. Kaa karibu na treni, sio karibu na mstari wa kuanzia.

Ongeza viza, bima, siku tatu za chakula kabla ya mbio, na mbili baada. Ukiona jumla imezidi, rudi kwenye akiba yako ya hatua ya 3.

## Hatua ya 8: Kata shauri

Majina yaliyobaki yakiwa mawili, uliza swali moja tu, unataka muda au unataka tukio? Muda: Berlin, Chicago, Valencia, Dubai. Tukio: London, New York, Sydney, Cape Town. Boston ni kwa mtu ambaye ameshalipa kwa miguu yake, na Tokyo ni kwa anayependa kila kitu kiende kwa saa.

Kama ni mimi, mtu wa Dar, pasipoti ya Tanzania, muda wa 4:10, mbio ya kwanza nje: najaza droo ya Berlin, na Cape Town naiweka kama akiba. Mkenya wa 3:05 mwenye miaka 42 anayeota Boston, aende Valencia kwanza akatafute 2:58, asiende Boston kubahatisha. Mtu wa Minneapolis mwenye makaratasi yake, Chicago ni mwendo wa siku moja kwa gari, sijui anasubiri nini.

Na hii ya kukusanya medali ya nyota sita, yaani kumaliza zile Majors sita za kabla Sydney haijaingia, iache mpaka umalize ya kwanza.

## Hatua ya 9: Ukishapata nafasi

Jina kwenye usajili liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kuna Mohamed, Mohammed na Muhammad, na mtu wa kwenye meza ya namba hajui kwamba ni wewe wote watatu.

Lete barua ya uthibitisho wa mbio kwenye ombi la viza, inasaidia kuonyesha una sababu na tarehe ya kurudi.

Fika mapema kwa kuangalia saa. Berlin tunapishana saa moja tu na London mbili, siku tatu zinatosha. Tokyo wako mbele yetu masaa 6, Sydney 7, Chicago wako nyuma masaa 8, huko nenda siku tano sita kabla. New York ina kichekesho chake, usiku wa kuamkia mbio ndo wanarudisha saa nyuma, unapata saa moja ya bure ya kulala, au saa moja ya ziada ya kukodolea macho dari.

Raba, jeli za kuongeza nguvu na nguo za mbio ziende kwenye begi la mkononi, sio la kupakia chini ya ndege. Jeli nazo ni kama maji, kila pakiti isizidi mililita 100 na zikae kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani.

Namba unaenda kuchukua mwenyewe kwenye maonyesho ya siku za kabla, na pasipoti mkononi, Chicago na wenzake hawatoi asubuhi ya mbio. Berlin na Tokyo wanakufunga na utepe mkononi pale pale. Usiukate kuoga, usiukate kulala, maana bila ule utepe huingii kwenye eneo la kuanzia hata ukiwa na namba kifuani.